Chuma kimejaa shambani, lakini hakiliki

Shangazi yangu ana mashamba mawili, kama wengi wa Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro: kihamba cha juu chenye migomba na kahawa, na shamba la tambarare huku chini, upande wa Kahe, la mahindi na maharage. Masika ya mwaka juzi maharage ya chini yalimkosesha usingizi. Majani machanga ya kileleni yaligeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, jani zima likawa kama limechorwa kwa kalamu. Majani ya zamani hayakuwa na neno. Akaenda duka la pembejeo, akauziwa mfuko wa chembechembe za kijani hafifu, salfeti ya chuma, akazitia kwenye mistari. Wiki tatu baadaye majani yalikuwa manjano vilevile, na zile chembe zimegeuka kutu juu ya udongo.

Akanipigia simu. “Wewe si ndiye uliyekaa maabara miaka yote ile? Hebu niambie. Udongo wa huku chini wote umeshushwa na maji kutoka mlimani kwetu. Na udongo wa kwetu unaujua, nimefua kola za mashati yako mpaka nikachoka. Ni kutu tupu. Sasa chuma gani tena kimepungua?”

Siku ile nilimjibu ovyo. Nilimwambia ni mambo ya pH, kile kipimo cha uchachu na magadi ya udongo, akaguna, tukaanza kuzungumza habari za harusi. Lakini swali lilibaki, na kadiri nilivyolizungusha kichwani niliona kwamba kabla ya kuuliza harage linakipataje chuma, ni vyema kuuliza viumbe ambao wamekaa na tatizo hilo kwa zaidi ya miaka bilioni mbili. Nao ni bakteria. Gramu moja ya udongo mzuri wa kihambani, kiasi cha kujaza ncha ya kijiko, inao mamia ya mamilioni.

Kwanza, shangazi ana haki. Chuma ni elementi ya nne kwa wingi katika gamba la dunia, baada ya oksijeni, silikoni na alumini. Ni karibu asilimia 5 ya uzito wake. Udongo wa volkano wa Kilimanjaro na Meru umejaa chuma hicho. Hakuna anayeweza kusimama kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi akadai hakipo.

Tatizo ni hali kilivyo. Chuma huja kwa sura mbili. Ile iliyopoteza elektroni mbili, nitaiita chuma-mbili, huyeyuka kwenye maji bila shida. Ile iliyopoteza tatu, chuma-tatu, haipendi maji hata kidogo: ikikutana nayo penye hewa hujifunga na oksijeni na kuwa kutu. Na penye hewa chuma-mbili hakikai, hugeuka chuma-tatu. Ndicho kilichozipata chembe za shangazi. Alinunua chuma-mbili dukani, akakimwaga, udongo ukakigeuza kutu kabla mzizi haujakionja.

Ukiacha chuma-tatu kitulie kwenye maji yenye hewa, yasiyo machachu wala ya magadi, ioni huru zinazobaki zimeyeyuka ni kama 10⁻¹⁸ ya moli kwa lita. Namba hiyo haimwambii mtu kitu mpaka aigeuze: ni ioni 600,000 hivi katika lita nzima. Sasa, bakteria mmoja wa aina ya E. coli hubeba mwilini atomu za chuma kati ya 100,000 na 1,000,000. Maana yake lita nzima ya maji, chupa ile kubwa ya kuweka mezani, inaweza isimtoshe bakteria mmoja, naye kila akigawanyika anamhitajia mwenzake chuma kingine kama hicho.

Na pH inazidisha. Kila inapopanda kwa alama moja, ioni huru za chuma-tatu hupungua mara 1,000. Udongo wa mlimani wenye mvua nyingi na mboji umeelekea kwenye uchachu, tuseme pH 5.5. Huku chini, ambako maji hukauka na kuacha chumvi, kuna sehemu unaona ukoko mweupe wa magadi pembeni mwa mfereji, na pH inapita 8. Alama tatu tu, lakini 1,000 mara 1,000 mara 1,000 ni bilioni moja. Udongo ni uleule wa mlimani, chuma ni kilekile, ila huku chini kimefungiwa.

Zamani haikuwa hivi. Kabla ya miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita hewa haikuwa na oksijeni ya kuhesabika, na bahari zilikuwa na chuma-mbili kilichoyeyuka tele. Uhai ulijijenga juu ya wingi huo. Chuma ni chepesi kutoa elektroni na kuipokea tena, kwa hiyo kilipachikwa kila mahali seli inapohamisha nishati: kwenye upumuaji, kwenye mzunguko wa Krebs ambamo seli humalizia kuvunja chakula ipate nguvu, kwenye vimeng'enya vya kutengeneza DNA. Kisha bakteria wa kijani-samawati wakaanza kutoa oksijeni, chuma kikageuka kutu na kuzama, na waliobaki wakajikuta wamezoea chakula ambacho hakipatikani tena kwa urahisi. Naona ni kejeli kubwa kwamba njaa hii ililetwa na bakteria wenyewe.

Ukitaka kuona jinsi chuma kinavyohitajika, ng'oa harage lenye afya siku za kuchanua, taratibu, na udongo wake. Kwenye mizizi utaona vinundu vidogo kama punje za ulezi au kubwa kidogo. Kata kimoja kwa ukucha. Kama kinafanya kazi, ndani ni cha waridi, karibu rangi ya nyama. Rangi hiyo ni leghemoglobini, ndugu wa hemoglobini ya damu yetu, na wekundu wake unatokana na chuma kilekile. Ndani ya kinundu bakteria wa Rhizobium wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea, kwa kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi ambacho katika fundo lake moja tu la katikati kina atomu 7 za chuma, na fundo la jirani 8, na protini inayokiletea elektroni ina 4 nyingine. Kinundu kilichokosa kazi ukikikata ni cheupe au kijani kibovu. Kwa hiyo shamba likikosa chuma kinacholika, harage linaweza kulia njaa mbili kwa pamoja, ya chuma na ya naitrojeni. Kuzitofautisha si vigumu: mmea unaweza kuhamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kupeleka kwenye machanga, kwa hiyo njaa ya naitrojeni huanzia chini. Chuma kikishakaa kwenye jani hakihamishiki kirahisi, na njaa yake huanzia kileleni. Duka la pembejeo halikukosea kutambua ugonjwa. Lilikosea dawa.

Sasa bakteria anafanyaje?

Anatengeneza koleo. Aliyewahi kusimama kwenye kiwanda cha wahunzi wa Mamba anajua mhunzi hakishiki chuma kwa mkono. Anacho chombo kirefu, anakipeleka motoni, kinauma, kinarudi na mzigo. Bakteria naye anaunda molekuli ndogo, anaitupa nje ya mwili wake, nayo inaelea kwenye maji membamba yaliyoshikwa na chembe za udongo mpaka ikutane na chuma-tatu. Chuma-tatu kina pande sita za kushikwa, na koleo zuri hukamata zote sita. Molekuli hizi zinaitwa siderofori, kutoka Kigiriki, yaani mbeba chuma. Wanasayansi wamezitambua zaidi ya 500 za aina tofauti. Ya kwanza kutengwa kwa fuwele ikajulikana kuwa na chuma ilitoka kwa kuvu wa fugwe, kwa mkono wa J. B. Neilands, mwaka 1952.

Neilands huyohuyo, pamoja na Bernhard Schwyn, mwaka 1987 alitoa njia ya kuziona siderofori kwa macho, na hiyo nimeifanya mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Unaandaa sahani za agari zenye rangi maalumu iliyoshikana na chuma, na mchanganyiko huo ni wa buluu kama sare ya shule. Nilikuwa nimechukua udongo chini ya mgomba wa shangazi, nikauchanganya na maji, nikapaka tone kwenye sahani. Siku ya pili zilitokea koloni kama matone ya uji. Siku ya tatu koloni chache zilikuwa zimezungukwa na duara la rangi ya chungwa kwenye ule ubuluu. Bakteria walikuwa wameinyang'anya rangi chuma chake, na rangi isiyo na chuma hugeuka chungwa. Nilikaa naiangalia sahani ile muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Baadhi ya koloni hizo nilipozihamishia kwenye chakula kisicho na chuma zilitoa rangi ya manjano-kijani, na chini ya taa ya urujuanimno ziling'aa. Hiyo ni paioverdini, siderofori ya bakteria wa jamii ya Pseudomonas, ambao wamejaa kwenye mizizi ya karibu kila mmea.

Kuna nyingine ambayo wasomaji wengine wameipata hospitalini bila kujua ni ndugu wa udongo. Ile harufu tamu inayopanda mvua ya kwanza ikigusa vumbi hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria wa Streptomyces. Mmoja wao, Streptomyces pilosus, hutengeneza siderofori iitwayo desferoksamini, na tangu miaka ya 1960 imekuwa dawa. Mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara hujaza mwilini chuma asichoweza kukitoa, kikaanza kuharibu ini na moyo. Dawa hiyo hukikamata chuma na kutoka nacho kwa mkojo. Koleo la bakteria, kwa njaa ya bakteria, linamsaidia mtu aliyeshiba chuma kupita kiasi.

Kurudi na mzigo nako kuna kazi yake. Siderofori iliyobeba chuma ni kubwa mno kupita kwenye vitundu vya kawaida vya utando wa nje. Bakteria kama Pseudomonas wana milango maalumu, kila aina ya koleo na mlango wake, na mlango huo haufunguki bure: nguvu ya kuufungua inatoka utando wa ndani, inapitishwa na protini iitwayo TonB ambayo ni kama mkono mrefu unaovuta komeo kutoka upande wa pili wa ukuta. Mzigo ukishaingia, wengine huipa chuma elektroni moja kikawa chuma-mbili, koleo linaachia, na hurudishwa nje kubeba tena. Wengine hulikatakata koleo lenyewe, E. coli akiwa mmojawapo. Ni ubadhirifu, nakubali, lakini siderofori yake hushika kwa nguvu kiasi kwamba kuivunja ndiyo njia ya uhakika.

Palipo na kitu cha thamani kinachozagaa nje hapakosi mwizi. E. coli ana mlango wa kupokea siderofori ya kuvu ambayo yeye mwenyewe hajui kuitengeneza. Anasubiri kuvu afanye kazi. Hata ndani ya ukoo mmoja wa Pseudomonas hutokea wasiotoa koleo lolote ila wana mlango. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2004 kwamba waegemezi hawa hustawi wakichanganyika na watoaji, na hudorora wakiachwa peke yao. Na kuna walioamua kuweka sumu kwenye chambo: baadhi ya Streptomyces hutengeneza albomisini, siderofori iliyobandikwa kiuavijasumu. Jirani mlafi anaifungulia mlango, anaivuta ndani kwa furaha, anakufa. Wanadamu wameiga, sefiderokoli, dawa ya bakteria sugu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, inaingia kwa ujanja uleule.

Ugomvi huu unamgusa mkulima wa migomba. Mwaka 1980 Joseph Kloepper na wenzake walionyesha kwamba Pseudomonas wanaotoa siderofori kwenye mizizi wanaweza kuukuza mmea kwa kuwanyima chuma vijidudu vibaya vya jirani, na muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba udongo fulani unaozuia mnyauko wa Fusarium hufanya hivyo kwa sehemu kupitia njia hiyo. Koleo la bakteria hushika chuma kwa nguvu kuliko la kuvu, kwa hiyo kuvu wa mnyauko anabaki na njaa. Mnyauko wa Fusarium ndio uleule unaoingia mgombani kwa mizizi na kuukausha. Simaanishi kwamba kumwaga bakteria kihambani kutauponya mgomba uliokwisha kushikwa. Nimeona chupa zinazouzwa kwa ahadi kama hizo, bila jina la bakteria wala idadi, na nisingemshauri shangazi atoe hata elfu mbili.

Hadi hapa ni hadithi ya utafutaji, na wengi huishia hapa. Mimi naona nusu ya pili ndiyo tamu zaidi: bakteria anavyobadilisha maisha ya nyumbani kwake wakati chuma hakipo.

Anajuaje kwamba hakipo? Anayo protini inayoitwa Fur. Chuma kikiwa cha kutosha ndani ya seli, ioni za chuma-mbili hujishikiza kwenye Fur, nayo inakwenda kukaa juu ya DNA pale zinapoanzia jeni za siderofori, zisisomeke. Chuma kikipungua, Fur inabaki mikono mitupu, inateleza, na jeni zinaanza kusomwa. Lindo hili halipo kwa ajili ya ubahili tu, maana chuma huru kikizidi ndani ya seli hukutana na peroksidi na kuzaa chembe kali zinazokata DNA. Bakteria anaogopa kushiba kama anavyoogopa njaa, na akipata ziada huifungia ndani ya protini za akiba kama feritini, kwa maelfu ya atomu.

Fur ikishaachia, kinachofuata kinafanana na nyumba ambayo gesi imeisha tarehe 15 na mshahara ni tarehe 30. Hupiki tena kila kitu. Mwaka 2002 Eric Massé na Susan Gottesman walieleza kipande kidogo cha RNA ndani ya E. coli, RyhB, ambacho huzalishwa chuma kikiadimika. Kazi yake ni kujibandika kwenye maagizo ya kutengeneza protini zinazokula chuma kingi na kuyafanya yaharibiwe kabla hayajatekelezwa. Pseudomonas wana vyao vya kazi hiyohiyo. Vimeng'enya kadhaa vya mzunguko wa Krebs vinapunguzwa, na chuma kidogo kilichopo kinakwenda pasipokuwa na mbadala. Penye mbadala, mbadala unatumika. Feredoksini, inayobeba elektroni kwa chuma, inampisha flavodoksini asiye na chuma. Kimeng'enya cha kujikinga na oksijeni chenye chuma kinampisha mwenzake mwenye manganizi. Fumarasi ya chuma inampisha fumarasi ambayo haikihitaji kabisa. Ni kama kutoka gesi kwenda mkaa na kuni: jikoni panaenda pole, lakini watu wanakula. Kuna waliojitoa moja kwa moja kwenye vita hivi. Baadhi ya Lactobacillus, bakteria wa jamii inayogandisha mtindi, huishi karibu bila chuma na kutegemea manganizi, ndiyo maana hawasumbuliwi na maziwa ambayo yana protini ya kukamata chuma.

Lakini tazama utata uliopo. Siderofori hutengenezwa kwa amino asidi. Amino asidi nyingi zinachotwa katikati ya mzunguko wa Krebs. Na mzunguko wa Krebs ndio uleule uliolemazwa kwa kukosa chuma. Yaani wakati anapolihitaji koleo zaidi ndipo karakana yake haina umeme. Isitoshe, bakteria mwenye njaa ya chuma hupunguza hata kula sukari. Kaboni ya kutengenezea koleo inatoka wapi?

Jibu zuri nililoliona lilitolewa mwaka 2020 na kundi la Ludmilla Aristilde huko Marekani. Walichukua aina tatu za Pseudomonas wa udongo, wakawalisha chakula chenye kaboni nzito, ile ya uzito wa 13, ambayo inaweza kufuatwa hatua kwa hatua ndani ya seli kama ng'ombe aliyetiwa alama. Waliolishwa sukari, chuma kilipopungua, mkondo wa kaboni kuelekea mzunguko wa Krebs ulipungua, kama ulivyotegemea. Waliolishwa vyakula vya aina nyingine, kama zile asidi ogani zinazoingia moja kwa moja kwenye mzunguko wenyewe, walifanya jambo tofauti: kaboni ilizungushwa na kurudishwa tena kwenye mzunguko, siderofori zikaongezeka hadi mara tatu, na chuma walichokibandua kutoka kwenye madini ya udongo kikaongezeka hadi mara sita.

Mtu wa mlimani ataelewa kwa mfongo. Mfereji ukibomoka karibu na banio, maji ya kutoka mtoni hayafiki chini, hata mto uwe umejaa. Sukari inaingilia kwenye banio. Asidi ogani ni kama chemchemi inayotokea katikati ya mfongo, chini ya pale palipobomoka. Wenye mashamba ya chini wanaendelea kumwagilia wakati msaragambo unaitishwa. Bakteria hao walipopewa vyakula vyote viwili kwa pamoja hawakuvichanganya ovyo. Kulikuwa na mpangilio wa kipi kitumike kwanza.

Hapa ndipo nilipomrudia shangazi kichwani, kwa sababu asidi ogani si kitu cha maabara tu. Mizizi hai hutoa sitrati, malati na nyingine kila siku, na mboji ikioza inatoa za kwake. Katika kihamba, chini ya migomba, majani yanaanguka mwaka mzima, samadi ya zizini inamwagwa palepale, na mizizi haikosekani mwezi wowote. Shamba la tambarare baada ya mavuno hubaki uchi. Mabua yanakwenda kwa ng'ombe juu mlimani, na sehemu kubwa ya samadi haishuki tena, maana kuikodia pikapu ni gharama. Majaribio ya Aristilde yalifanywa kwenye chupa na siyo Kahe, na pH ya 8 na kitu haibembelezwi na bakteria peke yao. Hata hivyo mtu anayewanyima bakteria chakula asitegemee watamtengenezea koleo.

Mimea nayo ina mbinu zake. Harage huchachusha udongo unaogusa mzizi na kukipa chuma-tatu elektroni papo hapo; penye magadi uchachu huo unamezwa haraka, ndiyo maana lilishindwa. Mahindi, kama nyasi zote, hutoa koleo lake lenyewe na kulivuta likiwa na mzigo, njia inayovumilia magadi zaidi. Nchini China imeonekana kwamba karanga kwenye udongo wa chokaa hubaki kijani zikipandwa kando ya mahindi, na hugeuka manjano zikiwa peke yake. Na ile dawa ambayo duka lingeweza kumuuzia, chuma kilichoshikwa na EDDHA, ni siderofori ya kiwandani tu. Inafanya kazi kwenye magadi. Bei yake shangazi aliposikia aliuliza kama ina dhahabu.

Ukivuka upande wa mpunga, Mabogini au Chekereni, kila kitu kinageuka. Udongo ukikaa chini ya maji, oksijeni inaisha kwa siku chache, na bakteria kama Geobacter wanaanza kuitumia kutu yenyewe badala ya oksijeni, wakiisukumia elektroni kama sisi tunavyozisukumia hewa tunayovuta. Kutu inageuka chuma-mbili na kuyeyuka. Huko hakuna njaa. Kuna mahali mpunga unasumbuliwa na wingi. Ukipita kwenye mtaro uliotulia utaona utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na kila msimu hakosekani mtu wa kusema kuna mafuta ya petroli chini. Chukua kijiti, uguse. Mafuta hufunguka na kujifunga tena. Utando wa chuma huvunjika vipande vyenye kingo, kama ganda la yai, na haurudiani.

Nilimpigia shangazi safari hii nikiwa na jibu refu. Alisikiliza, akauliza maswali mawili makali kuhusu bei ya pikapu, akakata simu. Masika haya ameshusha samadi safari mbili, akaitia nusu ya shamba tu, “nione kama maabara yako inasema kweli.” Maharage aina ya Lyamungu 90 ameyapanda kwa namna mbili, mistari mitatu peke yake pembeni na mingine katikati ya mahindi. Nilipofika Jumamosi iliyopita, ile mistari ya peke yake isiyo na samadi ilikuwa imeanza manjano kwenye jani la tatu. Ya katikati ya mahindi haikuwa kijani kama ya kihambani, na haikuwa manjano pia. Aling'oa shina moja, akakata kinundu kwa ukucha, akanionyesha kidole: waridi hafifu, kama maji yaliyosuuziwa nyama. Ameniambia nirudi ikichanua.